Waya wa Nyumba Haufai Baharini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa stima na mabaharia wa mashua za matembezi)



Kamati imetutaka tuseme nanyi juu ya jambo moja la kazi, nalo ni kubadili nyaya za stima katika mashua za matembezi: zile za kuvulia samaki kwa mchezo, za kupeleka wageni kuzamia, na zile za tanga ambazo wenyewe huzitumia siku za mapumziko. Huko Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi wako wenzetu wengi wapatao riziki kwa mashua hizi. Huenda mtu akauliza, starehe ya tajiri yakihusu nini chama cha wafanya kazi? Jawabu ni hili. Tajiri huipanda siku moja moja, lakini baharia yumo ndani yake kila siku, na fundi ndiye wa kwanza kutafutwa mambo yakiharibika.

Kisa chenyewe mwakijua. Mwenye mashua asema taa za omo zafifia, pampu ya kufua maji yavuta kwa shida, redio yakatika. Ataka nyaya zote zibadilishwe kabla ya msimu wa wageni. Fundi atoa hesabu yake. Mwenye mashua aona bei ni kubwa, amtuma mtu duka la vyuma akanunue roli la waya wa nyumba, ule wa kutia taa ukutani. Fundi akikataa, aambiwa ya kwamba ng'ambo ya hori yuko fundi mwingine atakayekubali. Hapo ndipo tunaposhindwa, wala si kwa kutojua kazi, bali kwa kukosa umoja. Basi leo twataka sote tuondoke hapa na neno moja, na sababu za neno hilo.

Kwanza, kwa nini waya wa nyumba haufai? Waya wa nyumba hufanya kazi ndani ya ukuta, mahali pakavu, na hausogei tangu siku ulipowekwa. Mashua haitulii. Injini yatikisa, mawimbi yagonga, mchana kutwa. Waya wenye uzi mmoja mnene ukitikiswa hivyo huchoka, kisha hukatika ndani ya ganda lake, na kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo kanuni za mashua za American Boat and Yacht Council, baraza la Marekani lililoanzishwa mwaka 1954, zataka waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, na zakataza waya wa uzi mmoja. Kanuni ya mataifa iitwayo ISO 13297, iliyotolewa upya mwaka 2020, nayo ni juu ya stima ya mashua ndogo, na fundi anayejiita fundi wa mashua yafaa aijue.

Adui wa pili ni chumvi. Hewa ya pwani yetu ni ya joto na ina chumvi. Unyevu huingia mahali waya ulipokatwa, ukapanda katikati ya nyuzi kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Tumefungua mashua ambazo waya wake kwa nje ulikuwa mzima, lakini tulipoumenya shaba ilikuwa nyeusi, tukaumenya tena mbele zaidi, bado nyeusi. Waya namna hiyo haushiki vizuri kichwa chochote cha shaba. Mahali pabaya pa kuungia huzuia mkondo, na mkondo uliozuiwa huzaa moto. Dawa yake ni waya ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Tuseme kweli: kanuni tulizozitaja hazilazimishi bati. Lakini kwa bahari yetu na joto letu, sisi twasema waya wa bati ndio waya wa mashua.

Pili, unene wa waya. Hapa wengi hukosea kwa kuwa wamezoea volti 240 za nyumbani. Katika mashua yenye betri ya volti 12, nusu volti ikipotea njiani ni hasara kubwa. Kanuni ya Marekani yasema kwa vitu vya kuokoa maisha, kama taa za njia na pampu ya ngama, isipotee zaidi ya asilimia 3. Kwa vitu vingine, kama taa za chumbani, huruhusu asilimia 10. Asilimia 3 ya volti 12 ni volti 0.36 tu.

Tufanye hesabu pamoja. Pampu ya ngama yavuta ampea 5. Toka betri mpaka pampu ni mita 6. Lakini stima huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa waya ni mita 12. Msisahau safari ya kurudi. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5, zinapotea volti 0.7, karibu asilimia 6. Waya wa 2.5 wapoteza volti 0.42, nao haujafika. Waya wa milimita mraba 4 wapoteza volti 0.26, na huo ndio unaofaa. Mwenye mashua atasema waya wa 1.5 nao unawasha pampu. Ni kweli, pampu itazunguka. Lakini itazunguka kwa uvivu usiku ule maji yanapoingia kwa nguvu, na ndio usiku ulionunuliwa pampu.

Tatu, jinsi ya kuutambua waya na kuupata. Usiulize dukani “waya wa mashua” tu, maana muuzaji atakupa chochote. Usome ganda lake. Waya wa mashua wa Marekani huandikwa UL 1426, na pengine BC-5W2. Hiyo 5 maana yake ganda lavumilia joto la digrii 105 mahali pakavu, na W2 ni digrii 75 mahali penye maji. Mjihadhari pia na vipimo. Waya wa mota kaa uliopimwa kwa namba za SAE ni mwembamba kuliko wa namba ile ile ya AWG. Kwa hiyo ulizeni milimita mraba, wala msidanganywe na namba.

Tena mjihadhari na waya wa udanganyifu, ulio alumini ndani na shaba kidogo juu. Dawa ni kisu. Kata uzi, uukwaruze mpaka ndani. Waya mwema wa bahari ni mweupe nje na mwekundu ndani. Yule mwongo ni mwekundu nje na mweupe ndani. Wako na waongo wawili, waliopakwa bati juu ya shaba juu ya alumini. Kwa hiyo kwaruza sana, kisha upime uzito mkononi, kwa sababu alumini ni nyepesi kuliko shaba. Roli jepesi kupita kiasi lirudishwe dukani.

Kuupata ni taabu, hatukatai. Anzeni kwa wauzaji wa vifaa vya meli mjini Mombasa. Usipopatikana, huagizwa ng'ambo, na kuagiza huchukua muda. Kwa hiyo hesabu ya waya ifanywe mapema, miezi kabla ya msimu, wala si wiki mashua inapotakiwa majini. Fundi mmoja akiagiza mita 20 hulipa bei kubwa ya uchukuzi. Mafundi kumi wa hori moja wakiagiza roli zima kwa pamoja, gharama yagawanyika. Kamati yataka kila tawi litengeneze orodha ya mahitaji ya msimu, tuagize kwa jina moja.

Nne, kazi yenyewe. Tutataja machache.

Kabla ya kugusa kitu, ondoa waya wa betri wa upande wa kutoa kwanza, na uurudishe wa mwisho. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini spana ikigusa vichwa vyote viwili hupita mamia ya ampea, na spana huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Ikiwa injini ni ya petroli, kumbuka mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa katika ngama. Funua, pitisha hewa, unuse, ndipo ufanye kazi.

Usiyang'oe yote siku moja. Chora ramani, upe kila waya namba, uandike namba hiyo ncha zote mbili. Waya wa zamani hutumika kuvutia mpya.

Kila waya utokao betri uwe na fyuzi karibu na betri. Kanuni ya Marekani yataja inchi 7, isipokuwa kwa mambo maalumu. Fyuzi si ya kulinda redio, ni ya kulinda waya. Fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya ni sawa na kukosa fyuzi.

Pampu ya ngama ijiwashayo yenyewe ipewe njia yake toka betri, na fyuzi yake, isipite kwenye swichi kubwa. Mtu akizima kila kitu jioni, pampu iendelee kulinda mashua usiku.

Maungio yabanwe kwa koleo ya kazi hiyo, si kwa meno ya koleo ya kawaida, kisha yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuviringisha utepe ni kazi ya kuwadanganya wenzako. Na kutia risasi peke yake hakutoshi, kwa kuwa risasi ikipata joto huyeyuka, na waya hukatika pale risasi ilipokoma. Nyaya zishikiliwe kila sentimita 45, zipite juu ya maji ya ngama, wala zisilale ndani yake.

Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta. Tarehe 2 Septemba 2019, karibu na kisiwa cha Santa Cruz huko California, mashua ya wazamiaji iitwayo Conception ilishika moto usiku watu wamelala. Watu 34 walikufa, mmoja wao baharia. Wachunguzi hawakuweza kujua kwa hakika moto ulianzia kitu gani. Stima ya mashua na betri zilizokuwa zikichajiwa zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyafikiria. Walilaumu kukosekana kwa zamu ya usiku. Mwaka 2024 nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Hatusemi waya ndio ulioleta msiba ule. Twasema mashua ikiwaka baharini hakuna gari la zimamoto, na siku ya hukumu watu huuliza nani alikuwa na kazi ile mkononi. Hapo maneno ya tajiri, “weka huo huo, fundi,” hayana shahidi.

Basi tuwe na shahidi. Hesabu ya kazi iandikwe, waya upande wake na ujira upande wake, ili mwenye mashua asipunguze usalama akidhani apunguza mshahara. Andika aina ya waya na unene. Weka kipande cha kila waya uliotumia, na nakala ya ramani. Akikuletea waya wa nyumba, mwambie kwa adabu, na kwa maandishi, ya kwamba hutautia. Ninyi mlioajiriwa, jueni ya kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi ampashe msimamizi wake habari za hatari kubwa, na yakataza kumfukuza au kumwadhibu aliyetoka mahali pa hatari kubwa ya karibu kwa sababu ya haki. Yakitokea hayo, msinyamaze, leteni habari tawini.

Lakini sheria na karatasi havitoshi ikiwa fundi wa ng'ambo ya hori yuko tayari kutia waya wowote. Kwa hiyo neno letu moja ni hili: hakuna mwanachama atakayetia waya wa nyumba katika mashua, wala kuchukua kazi ambayo mwenzake ameikataa kwa sababu hiyo. Tukishika hili msimu mmoja tu, mwenye mashua hatakuwa na mtu wa kumkimbilia, naye atanunua waya ufaao. Atanung'unika, kisha atalipa, na baharia wake atalala.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hakuna nafasi ya kujenga ukuta. Umoja ni nguvu.