HOTUBA JUU YA MADENI YA MKULIMA KIJANA, NA JUU YA KULIACHA JEMBE

(Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kuandika daftari na kujibu barua, wala sikuja kuwafundisha kilimo wazee walioshika jembe kabla sijazaliwa. Lakini karani huona hesabu za watu. Mwaka huu hesabu nyingi zilizoletwa mezani pangu ni za vijana wakulima wenye madeni, nao wote huuliza neno moja: "Niendelee kulima, au niache?"

Kwa maoni yangu, hayo ni maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni deni, la pili ni kazi ya kulima, la tatu ni ardhi. Kijana anayeyachanganya huuza ardhi ya watoto wake ili akimbie deni, na baada ya mwaka mmoja hana ardhi, wala hana kazi, na pengine deni lingali lipo. Basi yafaa tulifungue furushi hilo, tutazame kila swali peke yake.

Kwanza, deni. Wako wasemao kwamba kijana mwenye deni ni mvivu. Pengine ni kweli kwa baadhi yao, lakini si kwa wote. Tutazame miwa katika nchi yetu. Kiwanda cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, cha Muhoroni 1966, na cha Chemelil kilianza kusaga 1968. Wengi waliomo humu walisomeshwa kwa fedha ya miwa. Lakini mwaka 2001 Miwani na Muhoroni vilitiwa mikononi mwa wasimamizi kwa ajili ya wadai, na mwaka 2023 Bunge lilikubali kufuta madeni ya viwanda vya sukari vya Serikali yaliyofika yapata shilingi bilioni 117. Ikiwa viwanda vyenye mameneja na wahasibu vilishindwa kulipa, tutamshangaaje kijana mwenye eka 3?

Miwa ya kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Muda huo wote gharama ya trekta, mbegu na mbolea huandikwa juu ya mkulima, pamoja na riba. Siku ya malipo makato hutangulia, hata ya ukataji na uchukuzi, naye hupewa kilichobaki. Tena yako maji. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za 1961. Sisi tuliona mwaka 2020 Ziwa likipanda na mto Nyando ukifurika, mashamba ya Kano yakawa madimbwi. Hata hivyo, ule msamaha wa Bunge ulikuwa wa viwanda; haukugusa deni la duka wala la chama cha akiba. Kijana asikae akingoja msamaha.

Alinijia kijana mmoja kutoka kando ya Nyando, ambaye sitamtaja jina, akiwa na karatasi zake katika mfuko wa nailoni. Nikamwomba anitajie kila anayemdai. Alitaja watatu: deni la miwa shilingi 58,000, la chama cha akiba 32,000, la duka la mbolea 9,500. Kisha akanyamaza. Nilipomwuliza mara ya pili akataja la nne, mkopo wa simu wa shilingi 7,000, alioutwaa ili amtulize mwenye duka. Jumla ikawa shilingi 106,500. Nikamwuliza, "Nyumbani nani ajuaye habari hizi?" Akajibu, "Hakuna, Bwana Karani. Hata mke wangu hajui." Na kumbe kesho yake alikuwa na miadi na mtu wa kununua eka moja.

Ndugu zangu, mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari huzaa bila habari. Nilimshauri kwanza arudi kwa mkewe na karatasi zile zile, kabla ya kumwona mnunuzi yeyote. Pili, alipe mbele deni lenye riba kali, hata likiwa dogo kuliko mengine. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa shilingi 7.50 kwa kila shilingi 100 kwa siku 30. Anayeuchukua upya kila mwezi hulipa ada ya shilingi 90 kwa mwaka mzima, na ile 100 bado anadaiwa. Tatu, asikope kwa huyu ili amlipe yule. Nne, awaendee wadai kabla hawajamfuata. Katika chama cha akiba wadhamini wake ni majirani. Akitoroka, akiba yao ndiyo itakayokatwa. Lakini akienda mwenyewe na hesabu mkononi, yaweza kukubaliwa alipe kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi.

Na kama hati ya shamba imewekwa dhamana, hapana haja ya kukimbia usiku. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, mdai hana budi kumpa mdaiwa ilani ya maandishi yenye muda usiopungua miezi 3 wa kulipa, na kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Nyumba ya ndoa haiwekwi dhamana bila idhini ya mwenzi. Barua ya namna hiyo isomwe upesi. Isifichwe chini ya godoro.

Sasa kazi ya kulima. Kuna njia ya kupima. Lifute deni katika hesabu, kana kwamba halipo, kisha uulize: je, shamba hili, kwa zao hili, linamlisha mwenyewe? Likimlisha, ugonjwa ni deni, na dawa yake ni kulipa. Lisipomlisha, basi hata akisamehewa leo atakopa tena msimu ujao. Tulipopima hesabu ya kijana yule, eka mbili za bondeni zilikuwa za hasara kila mwaka wa mafuriko, lakini eka ya juu, ya mahindi na muhogo, ilijilipa.

Wala kuliacha jembe si aibu. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo baba zetu walikwenda bandari ya Mombasa na mashamba ya chai ya Kericho, wakarudi wakajenga. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, aliwaongoza wenzake kuanzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili watu wetu waweke akiba na kufanya biashara. Lakini kijana aende kwenye kazi anayoijua, si kwenye uvumi wa kazi.

Tatu, ardhi. Mtu aweza kuacha kulima bila ya kuacha ardhi. Anayekodisha hurudishiwa shamba muda ukiisha. Aliyeuza harudishiwi kitu. Na kwa sheria ya 1967, kuuza au kukodisha ardhi ya kilimo bila idhini ya Bodi ya Ardhi ni batili. Kijana yule alizikodisha eka mbili za bondeni kwa miaka 3, kwa maandishi na kwa idhini, mkewe na baba yake mdogo wakishuhudia. Mkewe analima eka ya juu, naye ni msaidizi wa fundi mwashi hapa mjini, kazi aliyojifunza zamani. Deni la simu na la duka yamekwisha. La chama cha akiba limefika nusu. La miwa lingalipo. Hakutajirika, ila analala usingizi.

Wazee wetu, nina maombi matatu. Kijana akiliacha jembe kwa hesabu, msimwite mpotevu. Tena tusimdai michango ya matanga kana kwamba mfuko wake umejaa. Wako waliokopa ili wasionekane wachoyo makaburini. Mwisho, Chama kitenge alasiri moja kila mwezi ya kuwasikiliza wenye madeni faraghani. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoanzishwa mwaka 1923, kilikuwa cha ustawi wa watu. Nasi tukingoja mpaka shamba limeuzwa ndipo tukutane kulia, huo si ustawi.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Vijana wetu wasilibebe jeneza hilo peke yao.