Choo cha Umeme na Swali la Mjomba



Leo nataka tuzungumze juu ya choo. Naomba radhi kwa walio mezani wakati huu, lakini choo chenyewe si cha nyumbani, ni cha mashua. Choo hicho nusura kizamishe mali ya watu, na mimi ninayezungumza nanyi ndiye niliyeshauri kinunuliwe.

Binamu yangu ana mashua ya tanga ya faibaglasi, urefu wake mita 11. Hulala katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, na huchukua wageni kwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Nahodha wake ni mjomba wangu, yaani baba yake binamu. Mzee huyu alikulia majahazini, ambako choo ni kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje, upande wa tezi. Chini bahari, juu mbingu, na hakuna bomba wala koki ya kuharibika.

Mashua ya binamu ilikuwa na choo cha pampu ya mkono. Wageni hawakukiweza. Huyu alisahau kupampu, yule alipampu kabla ya kufungua vali, na wa tatu alitumbukiza karatasi mpaka bomba likaziba. Binamu akanijia akilalamika. Mimi, kwa ujuzi wa mtu wa mjini, nikamwambia, "Nunua cha umeme. Mgeni anabonyeza kitufe, basi." Hata fedha kidogo nikamkopesha.

Siku kilipofungwa tulimwita mjomba akione. Alikitazama kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Wanangu, haya maji yanaingilia wapi, na yanatokea wapi?" Tukacheka. Tulidhani mzee anaogopa mambo mapya.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri na wageni wakasifu. Jioni tukafunga mlango wa mashua, tukaenda zetu. Alfajiri, mjomba alipotoka kuswali, akatupa jicho baharini na kuona mstari wa rangi ubavuni mwa mashua haupo. Ulikuwa umeingia majini. Akachukua ngalawa, akapiga kafi mpaka pale, akaingia ndani na kukuta maji magotini. Akapapasa mpaka akaipata koki ya choo, akaifunga. Sisi tulipofika tulifua maji kwa ndoo hadi saa nne asubuhi.

Kulikoni? Bakuli la choo kile lilikuwa chini ya usawa wa bahari. Maji ya kusuuzia yalitoka kwenye tundu la ubavuni, yakapita katika mpira ulionyooka, yakaingia pampuni na bakulini. Pampu ilipozimwa, maji hayakuzimika. Maji hutafuta usawa wake, na mpira uliokwisha kujaa huendelea kuyavuta. Yakapenya polepole, bakuli likajaa, likafurika hadi ngamani. Pampu ya ngama ilijiwasha yenyewe, ikafanya kazi usiku kucha mpaka betri ikaisha. Baada ya hapo hapakuwa na mlinzi tena. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Wala tusidhani haya huwapata wanyonge tu. Tarehe 14 Aprili 1945, nyambizi ya Kijerumani iitwayo U-1206 ilipotea karibu na pwani ya Uskochi. Inasimuliwa kwamba hitilafu ya choo chake iliingiza maji ya bahari yakafika kwenye betri, na maji ya chumvi yakikutana na betri za namna ile hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ikabidi nyambizi ipande juu, ikashambuliwa na ndege, na mabaharia wakaiacha.

Basi, ndugu wasikilizaji, baada ya aibu ile nilianza kuuliza na kusoma. Nimejifunza kwamba anayenunua choo cha mashua asianze na kiti wala kitufe. Aanze na swali la mjomba.

Kwanza, tundu. Tundu la kutolea uchafu kwa kawaida huwa na upana wa milimita 38. Mpira wake ukichomoka, na tundu likawa sentimita 60 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Kwa hiyo kila tundu liwe na koki madhubuti ya baharini, mahali ambapo mkono unafika, na kila mpira ubanwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Kisha mpira upandishwe juu ufanye upinde, usinyooke. Kilele cha upinde kiwe juu ya usawa wa bahari hata mashua inapolala kwa upepo, na hapo kileleni pawe na kivali kidogo cha kuingiza hewa. Hewa ikiingia, mvuto unakatika na maji yanasimama. Kifaa hicho ni kidogo kuliko ngumi, na sisi hatukukinunua.

Pili, umeme. Choo cha namna hii kina visu vya kusaga uchafu, na kwa betri ya volti 12 mota yake huvuta ampea kama 15 hadi 25. Hufanya kazi kwa sekunde chache tu, hivyo betri haimalizwi na choo. Kinachoumia ni waya. Fundi wetu, hodari sana wa majumbani, alitumia waya mwembamba kama wa taa. Mota ikakoroma kwa unyonge, waya ukapata moto. Katika mashua waya hupimwa kwa urefu wa kwenda na kurudi, uwe mnene wa kutosha, na fyuzi ikae karibu na betri.

Tatu, maji ya kusuuzia. Ya bahari ni ya bure, lakini yakilala mpirani viumbe vilivyomo hufa na kunuka kama mayai viza, na yakichanganyika na mkojo huacha chokaa ngumu inayoziba mabomba. Maji baridi hayana taabu hiyo, na tena hukuondolea tundu moja ubavuni. Lakini yatatoka katika tangi lenu la kunywa, kwa hiyo mpige hesabu ya watu na ya safari.

Nne, na hili ndilo linalotuhusu hata sisi tusio na mashua: uchafu unakwenda wapi? Wengi hudhani ukishasagwa umesafishwa. Sivyo. Visu hukata, haviui vijidudu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL una kiambatisho cha majitaka kilichoanza kutumika mwaka 2003. Kinaagiza kwamba majitaka yaliyosagwa na kutiwa dawa yamwagwe zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu, na yasiyofanyiwa hivyo zaidi ya maili 12. Lakini kiambatisho hicho kinahusu meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kuchukua watu zaidi ya 15. Mashua ya binamu yangu haiguswi nacho.

Je, kwa kuwa haiguswi, imwage tu? Ukitia nanga Bongoyo uko pwani, tena pwani ambayo watoto wanaogelea. Kitufe kinabonyezwa upande huu wa mashua, na upande wa pili mgeni mwingine anajirusha majini.

Tukaketi, mjomba, binamu na mimi, safari hii bila kucheka. Tukaweka tangi la kuhifadhia uchafu, lenye bomba la kutolea harufu nje na tundu juu ya sitaha, ili mashua ikija gatini gari la kunyonya majitaka lilivute kama livutavyo mashimo ya mitaani. Ni gharama, nakiri. Binamu ameiingiza katika nauli, na mpaka leo sijasikia mgeni aliyekataa kupanda kwa ajili hiyo.

Choo ni kile kile, na kitufe ni kile kile. Kilichobadilika ni yale yasiyoonekana: upinde, kivali, waya mnene na tangi. Na liko jambo moja zaidi, alilolibuni mjomba mwenyewe bila kusoma kitabu chochote. Ufunguo wa mlango wa mashua sasa hautundikwi ukutani. Umefungwa kwa kamba, unaning'inia kwenye mpini wa koki ya choo. Anayetaka kufunga mlango jioni aende nyumbani sharti ainame pale chini auchukue, na akiisha kuinama, mkono wake uko kwenye koki.