Mtoto Asiye na Hati na Mlango wa Chuo Kikuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa Jumuiya katika sherehe za ukumbusho)



Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya jambo ambalo limekwisha ingia katika nyumba nyingi za hapa Kampala, ingawa lenyewe liko mbali, ng'ambo ya bahari. Nalo ni masomo ya juu ya vijana wetu walioko Marekani ambao hawana hati za kukaa huko. Wengi wenu mna ndugu mjini Waltham na katika miji mingine ya jimbo la Massachusetts, ambako watu wa Uganda wamekaa kwa wingi. Baadhi yao walikwenda kwa viza ya matembezi au ya masomo, muda ukaisha, wakabaki. Na watoto walikuwa mikononi mwao. Watoto hao sasa wamekua, wamemaliza shule ya sekondari, nao wapiga simu nyumbani wakiuliza: "Baba mdogo, nifanye nini?" Jibu nililolisikia mara nyingi kwetu ni hili: acha kusoma, tafuta kazi, kwani digrii bila karatasi ni bure. Naona jibu hilo si sawa. Lakini na yule asemaye kwamba digrii itafungua kila mlango, huyo naye hasemi kweli.

Kabla sijaendelea, yafaa tutenganishe watu wa namna mbili. Jamaa zetu wa Kongo na Burundi waliopelekwa Marekani na serikali yenyewe kama wakimbizi, hao wana hati, na watoto wao hupata msaada wa masomo wa serikali kama wenyeji. Maneno yangu leo hayawahusu. Nawasema wale ambao mtu akiwauliza hati yao, hawana la kuonyesha ila pasi ya kusafiria yenye viza iliyokwisha zamani.

Mtoto wa namna hiyo, mpaka amalize sekondari, hana taabu na mlango wa shule. Hili halikuja kwa bahati. Mwaka 1975 jimbo la Texas lilitunga sheria ya kuzinyima shule fedha za kuwasomesha watoto walioingia nchini bila ruhusa, na katika mji wa Tyler wazazi wao wakatakiwa kulipa dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Hao walikuwa maskini. Dola elfu moja kwao ilikuwa sawa na kuambiwa mtoto akae nyumbani. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 15 Juni 1982, kwa majaji 5 dhidi ya 4, mahakama ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa kosa la mzazi wake. Jaji William Brennan ndiye aliyeandika hukumu ile. Mpaka leo ndiyo imshikayo mkono mtoto wa Waltham kila asubuhi aendapo shule, ijapokuwa yeye hajui.

Lakini hukumu ile iliishia kwenye mlango wa sekondari. Juu ya chuo kikuu haikusema neno. Watu wengi hudhani kwamba sheria ya Marekani inamkataza asiye na hati kuingia chuo. Sivyo. Hakuna sheria ya taifa imkatazayo. Yako majimbo machache yaliyofunga vyuo vyao vyenyewe: South Carolina mwaka 2008, na Alabama mwaka 2011, na katika Georgia halmashauri ya vyuo ilitoa amri mwaka 2010 ya kuwazuia katika vyuo vile ambavyo waombaji wake ni wengi kuliko nafasi. (Walimu wa chuo kikuu huko Georgia hawakukaa kimya, mwaka 2011 walianzisha shule ya bure kwa vijana hao, wakaiita Freedom University.) Penginepo mlango uko wazi. Kinachomzuia kijana ni fedha.

Nanyi mtafahamu upesi, kwani mlango wa namna hii hatuuoni kwa mara ya kwanza. Wazee wachache waliomo humu watakumbuka siku ambazo shule nzuri za nchi hii zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Hakuna aliyeandika ukutani kwamba mtoto wa Kiislamu asiingie. Ila baba aliogopa mwanawe asije akabatizwa, basi mtoto akabaki nyumbani, na kizazi kizima kikawa cha madereva, wachinjaji na wachuuzi. Marehemu Prince Badru Kakungulu na wenzake hawakungoja mlango ule ubadilike. Walijenga shule Kibuli. Na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale. Nayasema haya kwa sababu Mbale nitarudi nayo kabla sijamaliza.

Sasa hizo fedha. Chuo cha serikali ya jimbo hutoza ada mbili: ya mwenyeji wa jimbo, na ya mgeni. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ada ya mgeni ni zaidi ya mara tatu ya ada ya mwenyeji. Tena asiye na hati hapati msaada wa serikali ya taifa, wala mkopo wake. Mkopo wa benki za watu binafsi waweza kupatikana kwa nadra, akidhaminiwa na raia, nao una riba. Fatuwa yake nawaachia masheikh. Kwa hiyo swali kubwa katika maisha ya kijana huyu ni moja: jimbo analokaa lamhesabu kuwa mwenyeji au mgeni?

Texas ile ile iliyoshindwa mwaka 1982 ndiyo iliyotangulia kuwahesabu kuwa wenyeji, mwaka 2001, kwa sharti kwamba kijana awe amesoma na kumaliza sekondari katika jimbo. California ikafuata mwaka ule ule. Massachusetts ya jamaa zetu ilichelewa sana. Iliingia mwaka 2023, ikawapa pia nafasi ya kuomba msaada wa jimbo. Lakini msidhani kwamba kilichopatikana hakipotei. Mwaka 2025 Florida iliifuta sheria yake, na mwezi wa Juni mwaka huo huo serikali ya taifa iliishtaki Texas. Siku ile ile wakuu wa Texas wakakubali mashtaka, na jaji akaizuia sheria iliyokuwa imedumu miaka 24. Mwanafunzi aliyelala mwenyeji aliamka mgeni. Basi mzazi anayetaka kuhama kutoka jimbo moja kwenda jingine kwa ajili ya kazi ya senti chache zaidi, na ana mtoto wa darasa la kumi, afikiri mara mbili.

Wengi huniuliza juu ya kile kibali cha Rais Obama, kiitwacho Daka. Kilitangazwa tarehe 15 Juni 2012, kikawapa vijana ruhusa ya kufanya kazi kwa miaka miwili miwili, na zaidi ya watu 800,000 wamekipata. Lakini sharti lake ni kwamba kijana awe alikuwako Marekani tangu tarehe 15 Juni 2007. Hesabuni wenyewe: aliyezaliwa baada ya siku hiyo hawezi kuingia kabisa. Na tangu hukumu ya Julai 2021 waombaji wapya walizuiwa. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mtoto wenu wa miaka 17 atapata kibali hicho kwa kulipa kitu kidogo, mfukuzeni mlangoni.

Sasa nije kwenye thamani ya digrii. Kwa hesabu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, mshahara wa kati wa mwenye digrii ya kwanza ulikuwa dola 1,493 kwa juma, na wa aliyeishia sekondari dola 899. Lakini hesabu hizo ni za wafanyakazi wote, na walio wengi kati yao wana hati. Kwa asiye na hati, sheria ya mwaka 1986 inamkataza mwajiri kumwajiri huku akijua. Hapa ndipo wasemao "ni bure" wanapopata nguvu, nami sitaki kuwadhulumu: wapo vijana wenye digrii wanaoosha vyombo mahotelini.

Hata hivyo tazameni habari za bwana mmoja aitwaye Sergio Garcia. Alizaliwa Mexico, akapelekwa California akiwa mtoto. Baba yake alimwombea kibali cha ukaazi mwaka 1994, ombi likakubaliwa mwaka 1995, kisha akaambiwa angoje zamu yake, kwani waombaji wa Mexico ni wengi na nafasi ni chache. Hakukaa bure akingoja. Alisoma sheria, akafaulu mtihani wa uwakili mwaka 2009. Pakazuka swali: je, mtu asiye na hati aweza kupewa leseni ya uwakili? Sheria ya taifa ya 1996 yasema kwamba leseni ya namna hiyo haitolewi ila jimbo lenyewe litunge sheria ya kuiruhusu. Basi Bunge la California likaitunga mwaka 2013, na tarehe 2 Januari 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikampa leseni yake. Ni kweli kwamba hata siku ile hakuna kampuni iliyoruhusiwa kumwajiri. Lakini laiti angaliacha masomo mwaka 1995 na kungoja karatasi kwanza, hilo swali lisingeulizwa kamwe, na sheria isingetungwa, wala wale waliokuja nyuma yake wasingepata mlango. Kwa maoni yangu hati huja wakati wake, au haiji. Bali umri wa kusoma haungoji.

Tena digrii haina mpaka. Mtu akirudishwa, hurudishwa na nguo zake na elimu yake. Uhandisi, uuguzi au hesabu aliyojifunza Boston yapokewa Kampala, Nairobi na Dubai, akiisha kuthibitishiwa cheti chake. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kwa sababu hiyo nawashauri vijana wachague fani ambayo nchi nyingi huihitaji.

Nawaombeni mnisikilize sana katika hili lifuatalo, kwa sababu ni wazazi wachache mno walijuao. Kwa sheria ya mwaka 1996, mtu aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, azuiwa kurudi kwa miaka 3. Na akifika mwaka mmoja au zaidi, azuiwa miaka 10. Lakini siku alizokaa kabla ya kutimiza miaka 18 hazihesabiwi. Maana yake ni kwamba kijana amalizaye sekondari akiwa na miaka 17 na nusu anayo njia nyingine ambayo baada ya mwaka haitakuwapo. Aweza kurudi akasome Makerere, au Mbale niliyoitaja, au akaombe chuo cha nchi nyingine, bila kizuizi hicho juu ya kichwa chake. Kutozuiwa si kupewa viza, nalijua hilo, na kila mmoja ana habari zake; aende kwa wakili wa kweli. Ila msikae mkijadiliana mpaka miezi ile ipite. Najua pia kwamba mtoto aliyeondoka hapa akiwa na miaka mitatu hana rafiki hata mmoja Kampala, na lugha ya bibi yake haijui. Si jambo la kuamuliwa na wazee peke yao kwa simu ya usiku.

Na awe wapi awavyo, asiandike katika fomu yoyote, ya chuo wala ya kazi, kwamba yeye ni raia wa Marekani. Tangu mwaka 1996 uongo huo humfungia mtu njia ya ukaazi maisha yake yote, na msamaha wake ni kama haupo. Hata akioa raia, hata mtoto wake akiwa raia, alama ile moja ya kalamu itamngoja. Vyuo hupokea maombi ya asiye na hati. Nafasi ile aiache tupu au aseme kweli.

Limebaki la mchango. Jumuiya imeombwa kuwasaidia vijana watatu, na kamati itaamua. Rai yangu ni kwamba fedha zisipelekwe kwa mkono wa mtu wala kwa mjomba, bali zilipwe kwa mhasibu wa chuo chenyewe, muhula kwa muhula, na risiti isomwe hapa mbele ya wanachama. Tuanze na vyuo vile vya miaka miwili vya mjini, ambavyo ada yake ni nafuu na masomo yake huhamishiwa chuo kikuu. Mwenye swali la mtoto wake, anione baada ya sala ya alasiri. Akija na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na jina la jimbo, tutaokoa wakati.