Mauzo Makubwa Si Faida: Tusome Hesabu ya Injini Ndogo

(Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme habari ya mauzo ya injini ndogo. Pengine wengine watauliza, mtu wa reli na biashara ya mashine za kukata majani, wapi na wapi? Jawabu ni hili. Gengi ya njia hupanda kiberenge, na kiberenge huendeshwa kwa injini. Mkulima huvuta maji mtoni kwa pampu ya petroli. Mwenye duka umeme ukikatika huwasha jenereta. Nyuma ya kila injini kuna kiwanda, na ndani ya kiwanda kuna watu wa jasho kama sisi. Kila mwaka tajiri wao hutoa hesabu: ameuza kiasi gani, amepata faida au hasara, na mwaka ujao anatazamia nini. Leo nataka tusome hesabu moja ya namna hiyo, tuone yatupasa kuuliza nini.

Kampuni yenyewe ni Briggs & Stratton ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1908 katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, nayo ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa injini ndogo duniani. Tazameni miaka mitatu tu. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha katikati ya 2017, iliuza mali ya karibu dola milioni 1,790, ikapata faida ya kama milioni 57. Mwaka wa 2018 mauzo yakapanda hadi karibu milioni 1,880. Mtu asiyesoma zaidi ya mstari wa kwanza angepiga makofi. Lakini chini ya ukurasa paliandikwa hasara ya kama milioni 11. Mwaka wa 2019 mauzo yalikuwa karibu milioni 1,840, yaani bado yalishinda ya 2017, na hasara ikafika kama milioni 54.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye fundisho. Mauzo ni fedha zinazoingia mlangoni. Faida ni zile zinazobaki baada ya chuma, mishahara, kodi, riba na mengine yote kulipwa. Mama anayeuza mandazi stesheni aweza kumaliza beseni zima, na jioni asipate hata bei ya unga.

Hasara ile ilitoka wapi? Haikuwa sababu moja. Sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa mwishoni mwa 2017. Kampuni ilitumia fedha nyingi kupanga upya viwanda na kuweka mitambo mipya ya kompyuta. Tena biashara hii hutegemea mvua na jua. Majani ya Marekani hukua kwa majira, na majira yakiharibika, mashine hubaki dukani. Jenereta nazo hutafutwa sana pepo za tufani zikipiga, na zisipopiga hukaa. Sisi tunalijua jambo hili: mwaka 2000, ukame ulipoleta mgao wa umeme hapa Kenya, kila mwenye biashara alitafuta jenereta. Zaidi ya hayo, injini nyingi huuzwa kwa wanunuzi wachache wakubwa. Mnunuzi mmoja akianguka, kiwanda chatetemeka. Mwezi wa Oktoba 2018 maduka ya Sears, yaliyouza mashine za majani kwa miaka mingi, yalijitangaza kuwa hayawezi kulipa madeni.

Sasa sikieni habari ya wafanyakazi. Zamani kazi zote kubwa zilikuwa Milwaukee, na chama kilikuwa na nguvu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilifungua kiwanda mjini Murray, jimbo la Kentucky, upande wa kusini. Mwaka 1994 ikatangaza kwamba kazi kama 2,000 zitaondoka Milwaukee kwenda sehemu nyingine. Kwa wale wa kusini ilikuwa riziki, wala hatuwalaumu. Lakini mwezi wa Agosti 2019, pamoja na hesabu ile ya hasara, ikatangazwa kwamba kiwanda cha Murray nacho kitafungwa, na kazi yake kupelekwa jimbo la Missouri. Watu zaidi ya 600 walikuwa wakifanya kazi pale. Kazi iliyonyang'anywa jirani ikaletwa kwako, yaweza pia kunyang'anywa kwako ikapelekwa kwa mwingine.

Juni 2020 kampuni ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 6.7 siku ilipofika. Mwezi huo huo wakubwa walipangiwa malipo ya zaidi ya dola milioni 5 ili wasiondoke. Tarehe 20 Julai 2020 kampuni ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Wastaafu waliokuwa na bima ya afya na bima ya maisha kwa kampuni waliambiwa mambo hayo yamekwisha. Fikirini mzee aliyesimama mbele ya mashine miaka 30, akiamini kwamba ahadi ile ni akiba yake. Kumbe ahadi ile ilikuwa deni kama madeni mengine, naye akangoja kwenye mstari pamoja na wadai wengine. Mwaka huo huo kampuni ikanunuliwa na KPS Capital Partners kwa kama dola milioni 550, na mnunuzi akafanya mapatano mapya na chama cha wafanyakazi. Viwanda viliendelea, lakini bima ya wale wazee haikurudi.

Na matazamio ya biashara hii? Injini ya petroli ina mshindani, naye ni betri. Mwaka 2021 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzuia uuzaji wa injini ndogo mpya zinazotoa moshi kuanzia 2024, na jenereta zikapewa muda hadi 2028. Honda iliacha kutengeneza mashine za petroli za kukata majani mwaka 2023. Briggs & Stratton yenyewe yatengeneza betri kwa jina la Vanguard. Hata huku kwetu mkulima aliyezoea kununua petroli anaanza kuona pampu ya jua kwa jirani. Injini haitakufa kesho, lakini fundi anayejua kabureta peke yake hana budi kujifunza nyaya na betri. Wazee wetu wa karakana waliyaona mvuke ulipotoka na dizeli ikaingia. Aliyefundishwa mapema alibaki na spana mkononi.

Basi tufanye nini? Sheria imetupa njia. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipatana na chama atoe habari zote zinazohitajika ili chama kiweze kujadiliana vyema. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 40, yasema kazi zikipunguzwa, chama na ofisa wa kazi wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na mfanyakazi alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Lakini ndugu, mwezi mmoja ni mchache. Anayengoja notisi amechelewa.

Kwa hiyo naomba wajumbe wetu wakiingia katika mapatano wasiulize mauzo tu. Waulize faida iliyobaki. Waulize deni ni kiasi gani na litalipwa lini. Waulize fedha za uzeeni na za matibabu zimewekwa wapi, na kwa jina la nani. Waulize mashine mpya ikija, nani atafundishwa kuitumia. Majibu yaandikwe, yasomwe hapa tawini kila mwaka, na kila mwanachama asikie kwa masikio yake.

Asiyejua hesabu ya tajiri wake hujadiliana gizani. Umoja ni nguvu, lakini umoja wenye macho una nguvu zaidi.