Kiazi, Ngitili na Namba ya Siri: Darasa la Babu, Bibi na Mjukuu Mkoani Simiyu

Darasa la pamoja la wazee na wajukuu ni mafunzo mafupi ya vitendo yanayoandaliwa na chuo. Mzee mmoja na mtoto mmoja hujiandikisha kama jozi, hukaa meza moja na kushika kazi moja mpaka iishe. Si darasa la wazee ambalo watoto wameruhusiwa kuchungulia, wala si siku ya watoto ambayo wazee wamealikwa kuja kusimulia hadithi. Alama yake kuu ni moja: kazi iliyoko mezani haikamiliki kwa mikono ya mmoja peke yake.

Vyuo vikuu vilianza kuwafungulia wazee mlango kwa mpango maalumu mwaka 1973, pale Pierre Vellas alipoanzisha Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu mjini Toulouse, Ufaransa. Mpango huo uliwaita wastaafu, ukawaacha wajukuu nyumbani. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, kilianza kuwaita wote wawili: babu au bibi na mjukuu wake huchagua somo moja, huingia maabara pamoja na kulisoma kwa siku mbili. Vyuo vingine vya Marekani vikafuata.

Tanzania ilipita njia yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Kazi hiyo ni kubwa na inastahili heshima iliyopewa. Hata hivyo ilipangwa kwa zamu: asubuhi watoto, alasiri watu wazima wa kisomo, mara nyingi katika chumba kilekile na mbele ya ubao uleule. Bibi alikalia dawati ambalo mjukuu wake alikuwa ameliacha saa chache kabla, na hawakukutana.

Waliokutana darasani walikutana kwa uamuzi wao wenyewe. Nchini Kenya, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Baadaye Priscilla Sitienei, mkunga wa jadi aliyejulikana kwa jina la Gogo, alivaa sare na kusoma shule ya msingi huko Ndalat pamoja na vilembwe wake, mpaka alipofariki mwaka 2022. Dunia ilimtazama kama ajabu. Jambo la kuangalia zaidi lilikuwa hapo pembeni yake: watoto waliokuwa darasa moja na mtu aliyewahi kuzalisha akina mama wa kijiji chao.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, kwa kuunganisha wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga na Busega kutoka Mwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1, wengi wao Wasukuma. Kwao elimu ya jozi si ngeni. Jioni, kwenye shikome, yaani moto uliowashwa uani karibu na zizi, wazee walikaa na vijana na kuwafundisha ukoo, mifugo, nyota na tabia njema. Somo lilitolewa kwa maneno, lakini mtihani wake ulikuwa kesho yake malishoni.

Kuna kitu kingine ambacho chuo hakiwezi kukinunua, nacho ni utani. Baina ya baba na mwana pana heshima yenye umbali. Mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea hesabu. Baina ya babu na mjukuu pana ruhusa. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, na mjukuu hujibu mapigo bila kuonekana amevunja adabu. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano haya ya utani katika jamii nyingi za Afrika. Kwa mwalimu, maana yake ni rahisi: mtoto wa miaka 10 anaweza kumsahihisha mzee wa miaka 70, na mzee akacheka, akasahihishika. Ndiyo sababu darasa hili huwafaa babu na mjukuu kuliko mzazi na mwana.

Kazi ya kwanza inayoifaa Simiyu ni kukausha viazi vitamu. Msimu wenyewe unajipanga, kwani viazi huvunwa mvua zinapokatika, jua la kiangazi hufuata, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni. Usukumani viazi hukaushwa kwa njia mbili. Vikikatwa vikiwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Vyote viwili huvusha familia miezi ya njaa, na kila bibi wa mkoa huu anavijua.

Mezani huwekwa visu, sufuria, mizani ya jikoni, rula na daftari. Jozi hupima kilo 10 za viazi vilivyomenywa. Bibi hukatia kiganjani, bila kibao, kidole gumba kikiwa ndicho kizuizi cha kisu. Mjukuu huokota vipande 10 bila kuchagua, hupima unene wa kimoja kimoja kwa rula na kuandika. Kisha wanabadilishana: mtoto anakata, bibi anashika rula. Vipande vya mtoto hutoka vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, na siku ya pili ya jua ndipo sababu ya kukata sawasawa inapoonekana, kwa maana upande mwembamba umekauka na mnene ungali laini, tayari kuota ukungu. Hakuna haja ya kulieleza hilo kwa maneno mengi.

Kila siku, saa ileile, vipande hupimwa tena. Kiazi kibichi kina maji karibu asilimia 70, kwa hiyo kilo 10 huishia kwenye kilo 3 na kitu. Mjukuu huchora mstari unaoshuka kwa kasi mwanzoni, kisha unaolala. Mstari ukilala kabisa, mizani imesema viazi vimekauka. Bibi ana mizani yake: huchukua kipande na kukivunja. Kikipinda, bado, kikilia kwa mlio mkavu, tayari. Vipimo hivyo viwili huwekwa kwenye daftari kwa safu mbili zilizo sawa, na jozi huangalia ni kipi kilichotangulia kusema. Safu hizo mbili ndizo kiini cha darasa. Ya bibi haiandikwi pembeni kama kionjo cha utamaduni. Ni kipimo kinacholinganishwa na kipimo.

Mhadhiri naye ana zamu yake, nayo ni fupi. Tone la ayodini juu ya kipande kibichi hugeuka bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, ishara ya wanga. Kiazi kinapochemshwa, kimeng'enya kilichomo hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari kabla hakijaharibiwa na moto. Ndiyo maana matobolwa ni matamu kuliko michembe. Utamu huo bibi anaujua tangu utotoni, na sasa yeye na mjukuu wana jina la sababu yake. Zamu nyingine zote za mhadhiri ni za kunyamaza, na huenda hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu aliyezoea kushika chaki.

Kazi ya pili hutoka nje ya ua. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Katika miongo ya ukoloni miti mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na ardhi ikabaki tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado chini ya Shinyanga, ulirudi kwenye desturi hiyo. Ngitili zilizokuwa zimebaki kama hekta 600 ziliongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya misitu hiyo haikupandwa. Ilichipuka kutoka kwenye visiki vilivyoachwa vipumzike. Kanuni za kufunga na kufungua zilisimamiwa na dagashida, mkutano wa wanakijiji.

Mzee mwenye miaka 70 leo aliiona ardhi tupu na akauona msitu ukirudi. Mjukuu ameukuta umesimama na anadhani ulikuwapo siku zote. Jozi hupewa kamba na mambo manne: kupima mraba wa mita 10 kwa 10, kuhesabu shina moja moja, kuzungushia futi ya fundi cherehani kila shina kwenye kimo cha kifua, na kugawa mzunguko kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Babu hutaja kila mti kwa Kisukuma na matumizi yake: huu ndio unaozaa bushishi, yaani ukwaju, wa kutia kwenye uji, huu ni wa mpini, huu ng'ombe hula majani yake. Mtoto huandika jina kama anavyolisikia, na hapo hujitokeza ugumu wa kweli, maana shule ilimfundisha kuandika Kiswahili tu. Babu anaposema neno mara ya tatu taratibu, wote wawili wanasoma.

Kazi ya tatu ni ya simu, na hapa anayejua zaidi ni mtoto. Pesa za simu zilifika Tanzania mwaka 2008, na katika kaya nyingi mjukuu ndiye anayebonyeza kwa niaba ya bibi, akijua hata namba ya siri ya bibi. Huo ni upendo, na ni hatari. Darasa hufanya mazoezi kwenye simu ya bibi mwenyewe: kubadili namba ya siri mjukuu akiwa amegeuka nyuma, kusoma ujumbe wa kweli na kuulinganisha na wa tapeli, kuangalia salio bila msaada. Ni kazi pekee ya darasa hili ambayo mafanikio yake ni bibi kuweza kuifanya bila mjukuu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, chenye kampasi yake Simiyu, ni jirani wa asili wa somo hilo, kama viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonyesho ya kitaifa ya wakulima ya Nane Nane 2018 hadi 2020, vilivyo jirani wa masomo ya shamba.

Mpangilio wa darasa hauhitaji fedha nyingi, unahitaji uangalifu. Saa 3 za asubuhi zinatosha. Jua la mchana la Juni halimfai mzee aliyetembea. Viti viwe na egemeo, choo kiwe karibu, na miwani ya kusomea iwepo mezani, kwa sababu wengine hudhaniwa hawajui kusoma kumbe hawaoni herufi tu. Salamu ianze na mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na Kisukuma kiruhusiwe kuwa lugha ya kazi, Kiswahili kikiwa cha daftari. Cheti kiwe kimoja chenye majina mawili.

Fomu ya kujiandikisha isidai uthibitisho wa damu. Watoto wengine babu zao walikwisha kufa, na wazee wengine wajukuu wao wanaishi Mwanza au Dar es Salaam. Usukumani mzee wa jirani huitwa guku, yaani babu, na mtoto wa mtu mwingine bila kigugumizi. Fomu iwe na nafasi mbili za majina, na nafasi ya undugu iachwe wajaze wenyewe.