Habari za Ngiri: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Mimi ni karani, si daktari. Lakini ngiri ni ugonjwa ambao wanaume huuficha mno, nami sitaki tuuzikie watu.

Ukuta wa tumbo, kila ubavu, una tabaka tatu za misuli zilizolazwa moja juu ya nyingine. Lakini penye kinena pana njia nyembamba, urefu wake yapata sentimita 4, ambayo korodani huipitia kushuka kabla mtoto hajazaliwa. Hapo ni dhaifu. Utumbo waweza kupenya mtu akikohoa au akiinua gunia. Si uchawi, wala si malipo ya uzinzi. Busha ni jambo jingine: hayo ni maji mfukoni mwa korodani.

Dawa ya kunywa haizibi tundu. Edoardo Bassini wa Italia alitangaza mwaka 1887 namna yake ya kuushona ukuta huo. Siku hizi madaktari aghalabu hutia na kipande cha wavu.

Ngiri ikikataa kurudi, ikawa ngumu yenye kuuma, na mtu akatapika, yamkini utumbo umenyongwa, damu haipiti. Msiisukume kwa nguvu, wala msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Mzee aonaye haya kusema hapa, na anione faraghani. Nitamwandikia barua ya kwenda nayo kwa daktari.