“IWE FUNDISHO KWA WENGINE”: NANI KAFUNDISHIKA?



Yeyote aliyewahi kukalia benchi la mahakama ya mwanzo, awe mshitakiwa au kaenda kumdhamini nduguye, anaijua sentensi moja. Hakimu anafunga faili, anavua miwani, anasema: adhabu hii iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Wengine hao ni akina nani? Ni sisi. Anayefungwa ni mmoja, darasa ni mtaa mzima. Basi leo tuulize: somo hili limemwingia nani?

Mwaka 1963 ilipitishwa Tanganyika sheria iliyoweka kiwango cha chini cha adhabu. Mla rushwa, mwizi wa ng’ombe, mvunja nyumba, wote jela miaka miwili kwa uchache, na viboko 24. Kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka. Hivi vya kutoka mitaani vikapewa jina: vya kwenda kumwonyesha mkeo. Mwaka 1972 sheria ikaandikwa upya, viboko vikaondolewa. Mwaka 1989 viboko vikarudi, na unyang’anyi wa kutumia silaha ukapandishwa hadi miaka 30. Ndugu zangu, dawa ikiwa inaponya, kwa nini mganga anaongeza kipimo?

Nawaambia kwa nini. Kibaka anayeipigia hesabu simu ya abiria dirishani mwa daladala hahesabu miaka. Anahesabu sekunde. Nitakamatwa, sitakamatwa? Kama anaona hatakamatwa, mwandikie miaka 30, mwandikie 300, ni mamoja. Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliliandika jambo hili mwaka 1764: kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake.

Waingereza, ambao ndio waliotuletea kanuni zetu za adhabu, walikawia kumsikia. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa na makosa zaidi ya 200 ya kunyongwa. Kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40, kitanzi. Wazee wa baraza wakafanya nini? Mwizi kaiba mali nyingi tu, wao wanaapa kwamba thamani yake ni shilingi 39. Wanaona haya kumnyonga mtu kwa vijiko. Kwa hiyo adhabu ilivyozidi kuwa nzito, ndivyo uhakika wa kuipata ulivyopungua.

Sisi hatuna wazee wa shilingi 39. Sisi tuna korido. Kosa likiwa na miaka 30, bei ya faili kupotea nayo inapanda. Mwenye nazo analipa, mlalahoi ndiye anayekwenda kuwa fundisho. Na kuna jambo baya zaidi. Mnyang’anyi mwenye kisu anajua akitambuliwa ni miaka 30. Anajua pia kwamba mtu wa mwisho kunyongwa Tanzania alinyongwa mwaka 1994, ingawa mahakama zimeendelea kutoa hukumu hiyo. Sasa aliyeiona sura yake gizani, anamwacha hai kwa faida gani? Waliotunga sheria walijiuliza swali hilo?

Tuje kwenye kitisho chenyewe. Kitisho kina pande mbili: ukifanya utaumia, usipofanya utakuwa salama. Ukikata huo upande wa pili hakuna kitisho tena, kuna uonevu tu. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi. Vijana wa Dar es Salaam walizolewa kama taka, wakaambiwa waende mashambani. Wengi walirudi. Mwenye kibarua asiye na karatasi alizolewa pamoja na mzururaji halisi. Alijifunza nini huyu wa kibarua? Kukimbia. Mpaka leo kijana akiliona gari la polisi linakunja kona anaondoka kijiweni, wala hana kosa. Wakubwa wanaita hiyo heshima kwa dola!

Hata nchi kwa nchi ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mwalimu akatangaza kwa taifa yale maneno matatu ambayo hata waliozaliwa juzi wanayajua: uwezo, sababu, nia. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Lakini angalieni tarehe. Maneno yale yalisemwa adui akiwa ameshavuka mpaka. Kama Amin angeyaamini mwezi mmoja kabla, nyumba za Kagera zisingechomwa. Kitisho kinafaa kabla ya kosa. Baada ya hapo ni vita na mazishi.

Sasa nije kwetu, na hapa najua wengine mtanuna. Tairi. Hakuna adhabu kali kuliko hiyo, wala ya haraka kuliko hiyo. Mbona vibaka hawajaisha? Kwa sababu tairi halimjui mwizi, linamjua aliyeshindwa kukimbia. Mgeni wa mtaa aliyepotea njia, mwenye kudai deni lake, aliyegombea mwanamke na mwenye sauti kubwa, wote neno moja linawamaliza: mwizi! Mimi sitaki uwe na huruma na kibaka kama huna. Nataka ujihesabie wewe, saa nne usiku, Manzese au Tandika, mtaa usiojulikana jina lako, mtu anakunyooshea kidole. Utajitetea kwa hakimu yupi?

Kwa hiyo akikamatwa mtu hapa mtaani, apelekwe kituoni, muwe wengi, mchukue namba ya RB, na kesho mrudi kuuliza faili limefika wapi. Kesho kutwa tena. Vigogo hawaogopi kelele za siku moja, lakini anayerudi na namba mkononi anawasumbua.

Mimi nimemaliza, ndugu mwenyekiti. Yule wa dirishani amekuwa akitikisa kichwa tangu nitaje tairi. Apewe nafasi aanze yeye.